Mvua ya Mawe Shambani

Shemegi wangu anatembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huku Unguja. Mie kazi yangu kumfuata nyuma na makuti, nawasukia wageni kofia. Kwa "come from" Shemegi humwambii kitu. Karafuu anaitoa visiwa vya Maluku kule Indonesia, Sayyid Said anamtoa Maskati, mdalasini anautoa Sri Lanka, wote kwa "come from" hiyo hiyo.

Kisha akaja mzee wa Kiingereza, mwalimu mstaafu. Kwake "come from" ilikuwa nguo ya kushindia. Yeye alikuja na za Ijumaa.

"So all the old wealth stems from cloves?" akauliza. Alitaka kujua kama utajiri wa zamani chanzo chake karafuu, lakini Shemegi alishika "stem" peke yake. "Shemegi, mletee makonyo!" Nikaleta kikapu kizima cha vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mzee akanusa, akashukuru, akatia kimoja mfukoni kwa adabu. Likapita hilo.

Tukafika uani kwa mama mkwe. Karafuu zimeanikwa majamvi matatu, jua la kupasua kichwa. Mzee akachungulia simu yake, akajifuta jasho, akamwuliza Shemegi kama kwao ni Pemba: "Do you hail from Pemba?"

"Hail" Shemegi anaijua tangu shule: mvua ya mawe. Akatazama juu, hata kiwingu hakuna. Lakini si mzee kaiona kwenye simu?

"Anueni! Mvua ya mawe inakuja kutoka Pemba!"

Karafuu ikirowa inageuka mpeta, bei inaanguka, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuuliza. Mama mkwe kavuta jamvi huku, mie kule, tukapigana vikumbo, pishi nzima ikamwagika mchangani. Jirani akasikia, naye akaanua. Na jirani yake. Wageni wote wakajazana bandani, kofia zangu za makuti kichwani.

Mzee peke yake kabaki juani, anajipiga kifua ili tumwelewe: "I hail from Yorkshire! My wife hails from Yorkshire! My father hailed from Yorkshire!"

"Anasemaje huyo?" mama mkwe akauliza, jamvi begani.

Shemegi akatafsiri, uso mkavu: "Anasema kwao inanyesha ya mawe kila siku, tangu enzi za baba yake."

"Maskini! Na karafuu zao wanaanika wapi?"