Chumba kwanza, pombe baadaye

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba anayelala nje hana budi kuacha ulevi kwanza ndipo apewe makazi. Kwa maoni yangu, ametanguliza mkokoteni mbele ya punda. Hapa Ngamiani, Tanga, mzee mmoja aliyelala barazani kwetu alihifadhi vidonge vyake vya kifua kikuu ndani ya boksi, masika yakaviloanisha, akakatiza dozi. Alipopewa chumba cha uani, na kijana wa kumpitia kila asubuhi, aliimaliza (pombe, kusema kweli, bado anaionja). Ufini ilianza mwaka 2008 kugeuza mabweni ya muda ya wasio na makazi kuwa nyumba za kupanga za kudumu zenye wahudumu, bila sharti la kuacha pombe kwanza, na idadi yao ikapungua. Je, nani mtaani kwenu angekubali kuwa jirani wa mtu kama mzee huyu?