Simu Huendesha Kampeni, Usiku wa Matokeo Una Mwenyewe

Tarehe 28 Oktoba 2015 waandishi wa habari, wenyeji na wageni, walikuwa Hoteli ya Bwawani, mjini Unguja, wakiisubiri Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar iendelee kutangaza matokeo. Habari kubwa kuliko zote za mwaka ule haikutokea ukumbini humo. Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alionekana kwenye televisheni ya serikali, ZBC, akisoma taarifa kwamba uchaguzi umefutwa. Waandishi na kamera zao wakaipata habari kama alivyoipata muuza pweza wa Darajani.

Naanza na siku hiyo kwa sababu siku hizi kila ukikaa barazani utakuta mabishano ya aina moja. Mmoja atasema simu imemaliza enzi ya ZBC, kila mtu sasa ana kituo chake mfukoni. Wa pili atamjibu kwamba simu imetuletea fitina tupu, bora zamani. Kila mmoja ana haki yake. Ila naona wote wawili wanazungumzia kampeni, na habari ya Bwawani haikuwa ya kampeni.

Tumsikilize kwanza mpenda simu. Gazeti la Dira, la watu binafsi, lilifungiwa Novemba 2003 likiwa na umri wa kama mwaka mmoja. ZBC na Zanzibar Leo ni mali ya serikali, na mtazamaji anajua kabla ya kuwasha televisheni habari ya kwanza itakuwa ya nani. Kisha kutoka katikati ya 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi nzima, ukiacha msimu wa kampeni wenyewe. Chama kisicho na gazeti, wala televisheni, wala ruhusa ya kukusanya watu uwanjani kingesemea wapi? Kilisemea kwenye simu. Msimu ulipofunguliwa, hotuba ya Kibandamaiti ikawa inasikika Micheweni, Muscat na London kwa wakati mmoja. Kwa Mpemba ambaye Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji, ilimbidi ategee BBC na Deutsche Welle ili ajue kilichotokea kisiwani kwake mwenyewe, hilo si jambo dogo.

Chama tawala nacho kimeipenda simu, pengine kuliko wapinzani, maana kina mfuko. Ukifungua simu msimu wa kampeni utaziona skuli za ghorofa zimepigwa picha kutoka juu kwa droni, muziki chini yake, na mgombea akitembea taratibu kama bwana harusi. Hakuna ubaya wa kuonyesha ulichojenga. Ubaya ni kwamba picha hiyo hiyo, na maelezo yale yale, utaikuta kwenye kurasa za televisheni kadhaa za mtandaoni zinazojiita huru. Mwandishi aliyepanda gari la msafara, akala chakula cha msafara na kupewa posho ya msafara, hatauliza skuli ile imegharimu kiasi gani na mkandarasi alipatikanaje.

Sasa tumsikilize mlalamikaji. Mgombea huhutubia saa nzima: bei ya karafuu, maji, ajira za vijana, mamlaka ya Zanzibar ndani ya Muungano. Kinachobaki ni sekunde arubaini alizomrushia mpinzani kijembe. Sisi watu wa visiwa hivi kijembe tunakipenda toka ukumbi wa taarab, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini zamani kijembe kilikuwa kitoweo cha hotuba. Siku hizi wasaidizi wa wagombea wanajua klipu gani itasambaa, na wapo wanaojenga hotuba nzima kuizunguka.

Halafu kuna sauti zisizo na mwenyewe. Kampeni iliyopita grupu la ukoo wetu liliingiwa na sauti ya bwana mmoja aliyekuwa akihema kwa hasira, akisema meli ya Pemba imezuiwa kuondoka ili watu wasiende kupiga kura kwao. Ndani ya nusu saa shangazi zangu wameshalia na wajomba wameshalaani. Mpwa wangu akajibu kwa picha: alikuwa ndani ya meli hiyo hiyo, keshapita Nungwi, na kichefuchefu chake. Tulicheka. Lakini sauti ile niliikuta kwenye magrupu mengine matatu kesho yake, na picha ya mpwa wangu haikufika hata moja.

Anayesema bora zamani anakumbuka barza. Tusizipake rangi: ubao wa maskani ya Kisonge pale Michenzani uliandikwa maneno makali miaka mingi kabla WhatsApp haijazaliwa, na watu wa Jaws Corner, baraza ya wapinzani Mji Mkongwe, nao hawakuwa malaika. Ila ulijua nani anakaa wapi. Ukisema uongo Jaws Corner leo, kesho utaulizwa, na kahawa utainywa umeinamisha kichwa. Bwana wa meli hakuna wa kumuuliza.

Hadi hapa mizani inakaribia kulingana, nami ningeiachia hapo kama uchaguzi ungekuwa kampeni tu. Usiku wa matokeo ndio unaoiangusha.

Asubuhi ya 12 Januari 1964 kituo cha redio cha Raha Leo kilishatekwa, na wengi walijua serikali imeanguka kwa sauti ya John Okello, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, hewani kabla hawajamuona mpinduzi hata mmoja mtaani kwao. Toka siku ile kipaza sauti cha dola kina heshima yake hapa, na wanaokishika wanalijua hilo. Mwaka 2015 Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea urais wa Zanzibar wa chama cha upinzani cha CUF, aliwaambia waandishi tarehe 26 Oktoba kwamba kwa hesabu zake ameshinda. Takwimu zake zilizunguka simu zote za Unguja na Pemba. Siku mbili baadaye ikaja taarifa ya ZBC, na miongoni mwa sababu za kufuta uchaguzi ilitajwa hiyo ya chama kujitangazia ushindi. Machi 20, 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF ikasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Msema pweke hakosi.

Tangu hapo simu haisubiriwi hata ifike usiku huo. Oktoba 2020 mitandao ilibanwa wakati kura zinaanza kupigwa. Chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kikasema watu wameuawa Pemba, polisi wakakanusha, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kujua nani mkweli. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa kabisa, ikachukua siku kadhaa kurudi. Na hapa pana jambo ambalo barazani halitajwi sana: utangazaji si suala la Muungano, lakini mawasiliano ya simu ni la Muungano. Fujo kubwa za siku ile zilikuwa Bara. Unguja kulikuwa kimya, nako kukazimwa.

Wanaotetea uzimaji wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Sheria imeipa Tume peke yake kazi ya kutangaza mshindi. Wagombea wawili wakijitangaza usiku mmoja, kila mmoja na umati wake, katika nchi ambayo makovu ya 2001 hayajakauka, damu inaweza kumwagika kabla ya alfajiri. Nakubali. Ninachokataa ni kwamba dawa yake ni giza. Sauti ya bwana wa meli ilikanushwa kwa picha iliyotumwa kwa simu. Mtandao ungekuwa umezimwa, shangazi zangu wangekuwa wanalia hadi leo.

Kenya mwaka 2022 walijaribu njia nyingine: tume yao iliweka mtandaoni fomu za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, kila mtu ajijumlishie. Haikuwa shwari. Vyombo vya habari vilikuwa na jumla tofauti kwa sababu kila kimoja kilijumlisha fomu kwa mpangilio wake, watu wakachanganyikiwa, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Lakini waliobishana walibishana wakiwa na karatasi ile ile mbele yao. Vituo vyetu vya Unguja na Pemba ni vichache mno ukilinganisha na vyao.

Usiku wa 29 Oktoba mtaani kwetu mwenye habari alikuwa mzee mmoja mwenye redio ya betri, ile ambayo wajukuu humcheka nayo. Vijana wenye simu za bei walimzunguka pale barazani wakimuuliza kila baada ya dakika kumi, "Mzee, wamesema nini?" Naye akawa anawajibu, "Bado, wanapiga nyimbo."