Kabla ya Kuhamia: Kazi Zinazodai Nyumba Tupu

Mtu anayenunua nyumba ya zamani Lubumbashi, hasa mojawapo ya zile za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba ya enzi ya Wabelgiji, na wa reli, kwa kawaida huanza ukarabati kwa mambo yatakayoonwa na wageni: vigae vya sakafu, rangi ya kuta, dari mpya yenye taa zilizofichwa. Mimi nina maoni tofauti, na nimeyashika zaidi tangu tuliponunua yetu Katuba. Kabla ya kuhamia, fedha zielekezwe kwenye kazi ambazo haziwezi kufanywa vizuri vitanda vikiwa ndani, yaani paa, mchwa, nyaya, mabomba na tangi la maji taka. Mengine yote yangoje mpaka familia imekaa humo masika mazima. Shauri hili halipendwi na watu, kwa sababu ndugu watakaokuja kutupongeza watapokelewa katika sebule isiyopakwa rangi na watarudi kwao wakiuliza fedha zote zile zilikwenda wapi.

Karatasi nitazitaja kwa ufupi tu. Kwa mujibu wa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Dola, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili, si na karatasi ya mauzo iliyoandikwa mezani mbele ya mashahidi wawili. Anayeleta mfuko wa kwanza wa saruji kabla cheti hakijahamishiwa jina lake anamtengenezea mtu mwingine nyumba.

Baada ya karatasi, jambo la kwanza ni kalenda. Mji wetu hupata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba mbingu hufungwa kabisa. Kwa hiyo nyumba inayotembelewa mwezi wa Julai haisemi ukweli wowote kuhusu paa lake. Muuzaji mwerevu huiuza katika kiangazi, dari ikiwa imepakwa rangi nyeupe ambayo bado inanukia, na mnunuzi asiyeuliza kwa nini ni dari peke yake iliyopakwa atapata jibu lake mvua zikirudi. Kinachofaa ni kupanda darini na tochi, kuangalia mbao za kenchi zilizobadilika rangi, kugusa sehemu ya juu ya kuta pale zinapokutana na paa, na, kama maji yapo, kumwagia paa kwa mpira wa maji huku mtu mwingine akikaa ndani akitazama.

Paa likihitaji kubadilishwa, libadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kila kilicho chini yake kitaharibiwa na mafundi watakaopita juu. Mabati yanauzwa hapa kwa namba za BG, yaani kipimo cha unene, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. BG 32 ni rahisi kwa mfuko lakini hupinda chini ya mguu wa fundi, na dhoruba za mwanzo wa masika haziliheshimu. Ningependelea BG 28, hata kama itanilazimu kuacha vyumba viwili bila vigae. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye mfereji ambamo maji hupita, nayo iwe na mipira yake. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa vyuma, maana upepo haubonyezi paa kama watu wanavyodhani, unalinyanyua.

Kuna nyumba za zamani ambazo paa au dari yake ni ya vibao vya kijivu vya saruji iliyochanganywa na asbesto. Hapa sitanii. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa kuanzia mwaka 2005. Kibao kizima kilichotulia si hatari kubwa. Hatari huanza kinapokatwa kwa msumeno, kinapovunjwa kwa nyundo au kusuguliwa kwa brashi ya chuma, kwa kuwa vumbi lake huingia mapafuni na halitoki. Vibao hivyo vilowanishwe kwa maji, vishushwe vikiwa vizima, mafundi wakiwa wamefunika pua kwa vinyago vya kweli na si kwa kitambaa, na visipewe jirani avitumie kufunikia banda la kuku. Kazi hiyo kufanywa watoto wakiwa wamelala chumba cha pili ni jambo ambalo silielewi, nami nimeliona zaidi ya mara moja katika mitaa yetu.

Sasa mchwa. Anayekuja Lubumbashi kwa ndege huviona vichuguu vyake kabla ya kuiona mitaa, vilima vyekundu vyenye urefu wa mita kadhaa vilivyotawanyika katika miombo, na vingine vimebaki katikati ya malupango, yaani viwanja, ya watu. Udongo wake ni mfinyanzi mzuri, ndiyo maana sehemu kubwa ya matofali ya kuchoma ya mji huu imetoka humo. Twaweza kusema tunakaa ndani ya nyumba za mchwa zilizopitia motoni. Lakini tulichukua udongo bila kuwaondoa wenyewe. Kichuguu kikisawazishwa ili nyumba ipate nafasi, malkia anaweza kubaki hai, kwa kuwa chumba chake huwa kwenye usawa wa ardhi au chini yake, na kundi huendelea na kazi likiwa sasa na sakafu ya zege juu ya kichwa. Kisha wadudu hao hupanda kupitia ufa mdogo wa sakafu, wakijijengea vijia vya udongo ukutani nyuma ya kabati, mpaka wafike kwenye miimo ya milango na kwenye kenchi.

Wanakula mbao kwa ndani na kuacha ngozi ya nje, hata rangi yake haibanduki. Kwa hiyo macho hayatoshi. Chukua bisibisi, gonga kila mwimo kuanzia chini, sikiliza panapolia kwa uwazi, kisha choma. Bisibisi ikizama bila kushindana, mbao hiyo imekwisha hata kama inapendeza. Wengi huwapakia mchwa oili chafu ya magari. Oili hiyo huwazuia kwa muda, lakini inanuka ndani ya nyumba kwa miezi, haishiki rangi, na inachafua udongo ambamo baadaye watu huchimba kisima. Kazi ya maana ni kuchimba mfereji mwembamba kuzunguka msingi na kutia dawa iliyokusudiwa kwa mchwa, kuziba nyufa zote za sakafu, hasa pale mabomba yanapopita, na kuondoa kila kipande cha mbao kinachogusa udongo moja kwa moja. Dawa hiyo ni sumu, na ndiyo sababu nasema ifanywe nyumba ikiwa tupu, na kisima kikiwepo karibu isitumike kabisa. Miimo mipya ikinunuliwa, mulombwa hugharimu zaidi ya msonobari na mkaratusi, ila kiini chake kina uchungu ambao mchwa hawaupendi. Mwenye uwezo mdogo aweke miimo ya chuma na asione aibu.

Umeme nao hauna huruma kwa nyumba za zamani. Zile zilizojengwa katika miaka ya 1950 zilitiwa nyaya kwa ajili ya taa chache na redio. Mpira wake umekauka, ukiukunja unapasuka kama ganda la yai, na waya wa ardhini mara nyingi haupo kabisa. Leo jiko dogo la umeme la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9 kwenye volti 220, na katika nyumba nyingi limechomekwa kwenye waya wa milimita mraba 1.5 uliokusudiwa taa. Ongeza pasi, friji na pampu ya maji, kisha ongeza tabia ya umeme wetu wa SNEL, shirika la umeme la Dola, kurudi kwa kishindo baada ya kukatika, na utaelewa ni kwa nini soketi zinayeyuka. Nyaya zote zitolewe, si kuunganishwa vipande: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko, kila njia na kikatizi chake. Fimbo ya ardhini izikwe kwa kina, kwa sababu udongo huu mwekundu ukikauka mwezi wa Agosti haupitishi umeme vizuri, na fimbo fupi iliyofanya kazi Februari huwa pambo tu katika kiangazi. Kuta zichimbwe sasa, plasta ifuate. Kuna mafundi watakaokuambia, «Papa, nyaya hizi za Wabelgiji ni nzuri kuliko za leo.» Shaba yake labda ni nzuri. Mpira wake haufai.

Kuhusu maji nitasema mambo mawili tu. Mabomba ya chuma ya zamani hujaa kutu ndani mpaka tundu linabaki la kalamu, na watu wanailaumu REGIDESO, shirika la maji, hata kwa kosa lililo ndani ya ukuta wao wenyewe. Pili, kisima na tangi la maji taka. Inashauriwa kwa kawaida viachane kwa mita 30. Katika lupango la mita 15 kwa 25, hata ukipima kutoka pembe moja hadi pembe ya mbali, hufiki 30, na bado hujahesabu shimo la jirani nyuma ya ukuta. Katika masika maji ya chini hupanda, na katika mitaa mingi tambarare mashimo na visima huanza kuzungumza. Kwa hiyo nyumba yenye kisima kifupi, ambayo wakala anaisifia kwa sababu ya kisima hicho, mimi naihesabu kama nyumba isiyo na maji ya kunywa: maji hayo ni ya kufua na kuchanganyia saruji, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Ua husahaulika kabisa. Moshi wa kiwanda cha shaba ulipeperushwa kwa miongo mingi kuelekea upande wa Penga Penga na mtaa wa Gécamines, na udongo wa huko ulipokea shaba, risasi na metali nyingine mpaka mimea ikatoweka katika sehemu kadhaa. Watafiti wamejaribu kuurudishia uhai kwa chokaa na mboji. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto. Aliyenunua upande huo angefanya vema kuufunika ua kwa nyasi, changarawe au zege kabla watoto hawajaanza kucheza humo, na kulima lengalenga zake, yaani mchicha, katika vitanda vya udongo ulioletwa kutoka mbali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya dari moja ya jipsamu.

Na yale yanayopaswa kungoja? La kwanza ni kubomoa. Kila anayenunua anataka kuifunga baraza ili apate chumba kimoja zaidi, kuishusha dari na kupanua madirisha. Waliojenga nyumba hizo walikosa mengi, hata adabu kwa waliozikaa, kwani vyumba vya wafanyakazi vilipimwa kwa ubahili. Lakini baraza inauzuia ukuta usipigwe na jua la Oktoba na mvua ya Januari, na dari ya juu inawapa watu pumzi. Kaa humo kwanza. Usiku wa Juni utakuonyesha chumba cha baridi, masika yatakuonyesha upande ambao mvua inapigia, na mama mwenye nyumba atajua kama anataka jiko la ndani au mahali pa kuweka mbabula, jiko la makaa, nje penye paa, kwa sababu umeme ukikatika bukari, yaani ugali, haingoji. Hakuna mchoraji anayeweza kuyajua hayo kabla yako.

La pili ni rangi. Plasta mpya iachwe mwezi mzima hivi ikauke, la sivyo rangi itabanduka. Afadhali ukuta wa kijivu kuliko ukuta wenye ugonjwa wa ngozi.

Yabaki mambo ya watu. Nyumba tupu inayokarabatiwa inahitaji sentineli, yaani mlinzi, tangu siku ya kwanza, maana nyaya mpya na mabomba mapya hupendwa na wengi, na asubuhi unaweza kukuta ukuta uliochimbwa mara mbili. Saruji, ambayo nyingi hutujia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na bei yake hubadilika kila mpaka huo unapofungwa, inunuliwe na mwenye nyumba mwenyewe, kwa kiasi cha kazi ya juma, isikae sakafuni ikavuta unyevu. Mafundi walipwe kwa hatua zilizokamilika. Kwa fundi wa paa ningeongeza sharti moja: sehemu ya mwisho ya malipo yake itolewe baada ya mvua kubwa ya kwanza. Wengi watakataa, watasema hawawezi kungoja mpaka Novemba kwa kazi ya Agosti, na kwa upande wao wana haki, kwa kuwa nao wana kodi za kulipa. Sehemu hiyo basi iwe ndogo, iandikwe, na ikabidhiwe kwa mtu ambaye nyote wawili mnamwamini.