Si wote wanataka viti tu
Eti mafeministi, wale wanaotetea usawa wa wanawake, wote wanapigania kitu kimoja, viti bungeni. Hapana bana, hao wa viti ni wa kiliberali, wanataka sheria na nafasi sawa na siwapingi, Katiba ya Kenya ya 2010 ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili na mpaka leo bunge halijatimiza. Lakini wa kisoshalisti wanauliza nani anapika, anafua, analea bila kulipwa, na hapo ndio wananigusa, mimi nimefanya kazi ya nyumba Kileleshwa, Nairobi, miaka sita, madam akienda mikutano ya haki za wanawake mimi nabaki na mtoto wake, wangu yuko ushago kwa nyanyake. Usawa wa madam ulibebwa na nani kama si mimi? Nyinyi wenye mmeandika dada wa kazi, mnamlipa ngapi?