Kikombe kimoja au birika zima: maoni ya Mzanzibari anayeishi London

Kwa mtu anayeishi peke yake hapa Uingereza, mashine inayochemsha maji ya kikombe kimoja kwa kubonyeza kitufe ni kifaa chenye manufaa, na sikubaliani na wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoiona kuwa ni anasa tu. Hata hivyo, sababu inayotajwa zaidi na wauzaji, yaani kuokoa umeme, ndiyo dhaifu kuliko zote, na naamini kwamba sisi tuliolelewa katika nyumba zenye chupa ya chai mezani tulikuwa na jawabu bora zaidi kabla hatujafika huku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kuchemsha robo lita ya maji kutoka nyuzijoto 15 hadi 100 kunahitaji takriban uniti 0.025 za umeme, na kiasi hicho hakibadiliki sana iwe umetumia mashine au birika la umeme, kwa kuwa vyombo vyote viwili huyapasha maji moto moja kwa moja na hupoteza joto kidogo. Tofauti hutokea pale mtu anapojaza birika lita nzima ili anywe kikombe kimoja, kisha yaliyobaki yakapoa. Akifanya hivyo mara nne kwa siku, kwa mwaka atakuwa amepoteza karibu uniti 110, ambazo kwa bei ya peni 25 kwa uniti ni kama pauni 27. Fedha hizo si haba, lakini anaweza kuziokoa zote bila kununua chochote, kwa kupima maji kwa kikombe kabla ya kuyatia birikani. Jambo la kuangalia ni alama ya kiwango cha chini, kwa sababu mabirika mengi ya zamani hayaruhusu maji chini ya nusu lita, ilhali mengi ya sasa yanakubali kikombe kimoja.

Waingereza wana desturi ya kuchemsha maji mapya kila wanapotaka chai, na desturi hiyo ina uzito unaoonekana hata katika gridi ya taifa. Tarehe 4 Julai 1990, timu ya England ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mahitaji ya umeme yalipanda ghafla kwa megawati 2,800, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na watu kuinuka na kuwasha mabirika. Kiasi hicho kinazidi uwezo wote wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambao ni megawati 2,115. Mashine ya kikombe kimoja isingezuia mpando huo, kwa sababu nayo, kama birika, huvuta hadi kilowati 3.

Nyumbani kwetu Unguja maji huchemshwa alfajiri mara moja, iwe kwa gesi, mkaa au umeme, kisha humiminwa katika chupa ya chai, na kuanzia hapo kila anayeamka, na kila jirani anayebisha hodi, hupata chake bila jiko kuwashwa tena. Utaratibu huo haukubuniwa na mtaalamu wa nishati. Umetokana na wingi wa watu nyumbani, bei ya mkaa, na umeme unaoweza kukatika wakati wowote. Nashangaa sana kuona familia zetu za watu sita hapa London zikiiacha chupa kabatini na kubonyeza kitufe mara sita asubuhi moja, kila mtu akisubiri zamu yake.

Kuhusu chai yenyewe, mashine nyingi hutoa maji ambayo hayajafikia mchemko kamili, nayo hupoa zaidi yanapogusa kikombe baridi. Kwa kahawa ya unga hilo halina madhara, lakini chai ya rangi hutoka hafifu. Chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi haihusiki hapa, kwani hiyo ni kazi ya sufuria.

Ukoko mweupe wa chokaa ni jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, kwa kuwa maji ya visima vyetu, yanayopita katika mawe ya matumbawe, huacha utando uleule masufuriani. Maji ya London nayo ni magumu. Birika hufunguliwa likaonekana ndani na kusafishwa kwa siki au ndimu. Mashine ina vijia vyembamba vilivyofichika, na ikipuuzwa huanza kutoa maji kidogo kidogo hadi izibe.

Pamoja na hayo yote, kuna watu ambao ningewanunulia mashine hii leo hii. Wazee wetu wanazeekea huku, na wengi wanaishi peke yao mchana kutwa, watoto wakiwa kazini. Birika lenye lita moja na nusu ya maji yanayotokota huzidi kilo mbili, na kwa mwenye baridi yabisi au mkono unaotetemeka, kuliinamisha juu ya kikombe ni hatari ya kweli ya kuungua. Kwa mama wa miaka 80, kuweza kujitengenezea chai bila kumngoja mtu ni heshima yake, na hapo sitazami bei wala uniti.

Siungi mkono kuipakia mashine hiyo kwenye kontena kwenda nyumbani, ingawa plagi ya pini tatu itaingia bila shida. Wengi kule huchemsha maji pia kwa ajili ya kunywa, na maji ya kunywa lazima yatokote kweli, jambo ambalo mashine haitoi uhakika nalo. Umeme nao ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya kifaa chochote cha kupashia moto hupungua kwa karibu asilimia 40. Anayetaka kutuma kitu kwao, atume chupa kubwa ya chai ya chuma cha pua. Na anayemnunulia mzee mashine hapa, achague yenye kitufe cha kusimamisha maji katikati na yenye kurekebisha kiasi, kisha apeleke dukani kikombe ambacho mzee amekizoea, aone kama kinaenea chini ya mdomo wa mashine.