Uchaguzi wa kamati ya shule ungesubiri mbalamwezi

Jumatano iliyopita tulichagua kamati mpya ya shule ya msingi wanakosoma wanangu, hapa Kigoma mjini. Nilihesabu vichwa: tulikuwa wazazi 19. Shule ina watoto zaidi ya 1,000. Mzazi mmoja alipendekeza jina, mwingine akaunga mkono, tukaambiwa anayekubali apige makofi. Makofi yakapigwa. Hazikufika dakika 10, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Mkutano uliitishwa saa 3 asubuhi. Barua walipewa watoto jana yake mchana.

Anayeijua Kigoma anajua saa 3 asubuhi inamkuta wapi mama wa Kibirizi, mwalo wetu ambako mitumbwi ya wavuvi hutia nanga. Mitumbwi imeingia alfajiri, dagaa kanunua kwa pesa ya kikoba, na jua la kuwaanika ndilo hilo linapanda. Jirani yangu ana watoto 3 pale shuleni. Jioni ya siku ile nilimkuta barua bado ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akaifungua nisome. Imelowa, ina harufu ya ziwa, na magamba yamegandia palepale palipoandikwa "wazazi wote mnaombwa kuhudhuria". Akaniambia, "Kaka, dagaa wapo juani, kunguru wapo juu, wingu nalo linakuja. Ningemwachia nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi natengeneza simu hapa mjini, mtaa wa Mwanga, naweza kufunga kibanda kwa muda wa saa mbili na nisipoteze kitu. Yeye akiondoka mwaloni asubuhi moja, mtaji umeoza.

Na jambo waliloamua wale 19 linamhusu kuliko linavyonihusu mimi. Kamati ndiyo inayokaa na mwalimu mkuu, ambaye ni katibu wake, kupanga matumizi ya shule. Ruzuku ya uendeshaji tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo za kwenda shuleni, 4,000 za vitabu. Kwa shule kama yetu hiyo ni milioni 6, chaki na ukarabati humohumo. Darasa likijengwa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi, wa kuuliza saruji imeingia mifuko mingapi na imetumika mingapi ni hao hao wajumbe. Siku ileile tukapitisha na mchango wa uji na wa mlinzi. Unaitwa wa hiari. Jirani yangu ataletewa daftari lenye majina ya watoto wake 3, atoe, na hakuna aliyemuuliza.

Novemba 27, 2024 tulipochagua wenyeviti wa mitaa, nchi nzima ilipumzika. Watu waliandikishwa, vipaza sauti vikapita mitaani, kura zikapigwa kwenye karatasi. Mwenyekiti wa mtaa namheshimu. Lakini mtoto wangu anakaa shuleni siku 5 za wiki, na anayesimamia choo chake, dawati lake na uji wake amepatikana kwa makofi ya watu waliobahatika kuwa na nafasi. Hili linaniuma.

Wazazi nasi tuna lawama, sitakataa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wengi wetu tumeiachia serikali kila kitu, na hata mkutano uitwe saa ngapi wapo ambao hawatakuja. Mwalimu mkuu naye amechoka, ana vikao vya kata, ana ripoti za halmashauri. Sawa. Ila huwezi kumhesabu mtu kuwa hajali wakati umemwita saa ambayo unajua hawezi kuja.

Kigoma Mungu ametupa kalenda iliyo wazi angani. Mwezi ukijaa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, mwalo unapoa. Zile siku za mbalamwezi baba yupo nyumbani anashona nyavu, mama hana cha kuanika. Mkutano wa uchaguzi uwekwe hapo, alasiri, na tangazo litoke wiki 2 kabla: misikitini Ijumaa, makanisani Jumapili, kwa wenyeviti wa mitaa, na kwa wanawake wenyewe pale mwaloni. Mapato na matumizi yasomwe kwanza, kisha kura iandikwe kwenye vipande vya karatasi za daftari. Makofi yapigwe baada ya kuhesabu.

Juzi nilikwenda kumwona mwalimu mkuu, nikamwomba uchaguzi urudiwe. Alinisikiliza, akaandika, akasema atalipeleka kwa mratibu elimu kata. Nitarudi Jumatatu kuuliza limefikia wapi.

Jirani yangu nimemwambia. Ameahidi kuja, na kaomba kitu kimoja tu: ajue siku mapema, ili jioni ya kuamkia siku hiyo asichukue pesa ya dagaa kikobani.