Maelekezo ya programu kwa wasioona: ukurasa mmoja kwa wote au wa kwao peke yao?

Wiki kadhaa sasa hapa Tabora kuna ubishi kati ya watu wangu wawili wa karibu na mi nimekaa katikati, nauleta hapa maana hauwahusu wao tu. Mmoja ni mwalimu asiyeona, laptopu yake ina NVDA, ile programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Mwingine ni developa kijana ambaye ametengeneza programu ya kuingiza alama za wanafunzi na kutoa ripoti za wazazi. Programu yenyewe mwalimu kaizoea vizuri tu, kinachomshinda ni maelekezo yake, ile sehemu ukibonyeza F1 inakufungulia ukurasa wa mtandaoni wenye hatua za kufuata. Akifika pale anasikia "linki, grafiki, picha ya 14", "linki, bonyeza hapa", "linki, grafiki, picha ya 15", basi, hatua zote zimo ndani ya skrinshoti, yaani picha zilizopigwa za skrini.

Developa alikubali kosa palepale, hapo sina neno naye. Ubishi ukaja kwenye namna ya kurekebisha, na kila mmoja akashika upande ambao mi ningetegemea aushike mwenzake. Mwalimu anataka maelekezo ya peke yake, faili la maneno matupu kwa mtu anayetumia kibodi. Developa anataka ukurasa ubaki mmoja, usomwe na wote.

Nianze na mwalimu maana hoja yake ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Alimwambia "mdogo wangu, mi na wewe kwenye hiyo programu hatupiti njia moja", na kweli hawapiti. Anayeona anaambiwa peleka mausi kona ya juu, bonyeza alama ya gia, kokota Hisabati ikae juu ya Kiswahili. Asiyeona hana kona wala gia wala hakokoti kitu, yeye anakwenda kwa Tab, mishale, Alt na Enter, kimoja baada ya kingine. Ukimpa ukurasa uliochanganya vyote itabidi asikilize habari ya mausi mpaka afike kwenye yake, na kusikiliza si sawa na kupitisha macho, anayeona akikuta aya haimhusu anairuka kwa sekunde moja, anayesikiliza mpaka isomwe ndo ajue haimhusu. Afu kuna suala la bando. Faili likishakaa kwenye mashine limekaa, bando likate mtandao ulale, yeye anaendelea. Zamani maelekezo yalikuwa yanakuja ndani ya programu yenyewe, na ziko ambazo mpaka leo zinakupa nafasi hiyo, LibreOffice kwa mfano unashusha kifurushi cha msaada wake mara moja unakifungua bila intaneti, mi naona tuliacha kitu kizuri pale tulipohamishia kila kitu mtandaoni.

Tena hata WCAG, vile vigezo vya kimataifa vya kufanya kurasa za intaneti zitumike na watu wenye ulemavu, havikatazi toleo la pembeni. Vinalikubali ilimradi liwe na taarifa zilezile na liende na wakati sawa na toleo kuu.

Hapo kwenye kwenda na wakati ndo developa anapopata nguvu. Anasema "mwalimu, shikamoo yako naiheshimu ila hilo faili nitalisahau", na mi namwamini kabisa, hasemi hivyo kwa ubaya. Programu inabadilika, kitufe kinahama, jina la menyu linabadilishwa, ukurasa mkuu unarekebishwa siku hiyohiyo kwa sababu wateja kumi wamepiga simu, lile faili la pembeni lina msomaji mmoja au wawili na hakuna atakayepiga simu. Baada ya miezi sita mwalimu anafuata hatua za programu ambayo haipo tena. Marekani kanuni zao za Section 508, za kufanya teknolojia ya serikali itumike na watu wenye ulemavu, zile za mwaka 2000, zilitaja kabisa ukurasa wa maneno matupu, ila zikaufanya kimbilio la mwisho kama njia nyingine zote zimeshindikana, na kwa sharti kwamba kila ukurasa mkuu ukibadilika na wenyewe ubadilishwe. Kama waliona haja ya kuandika sharti hilo, nadhani walijua watu wanasahau.

Lakini kilichoniegemeza mimi si hoja ya kusahau. Kuna binti mwenye ualbino anajifunza kompyuta hapa kwetu, uoni wake ni hafifu lakini anaona, anasogeza uso karibu na skrini na anakuza maandishi. Nikampa ukurasa wa yule developa. Akakuza, maneno yakabaki safi, zile skrinshoti zikawa ukungu mtupu, herufi zilizo ndani ya picha zikasambaratika vipande vipande. Maelezo chini ya picha yameandikwa kwa kijivu hafifu juu ya nyeupe, hakuyaona kabisa mpaka nilipomwambia yapo. Sasa huyu tumpe lipi? Faili la mwalimu lina njia za kibodi tu na yeye anatumia mausi vizuri. Ukurasa mkuu unamtupa nje. Tukisema mtu asiyeona mawazo yetu yanakimbilia fimbo nyeupe na nukta nundu, labda kwa sababu hapa mjini tuna Shule ya Msingi Furaha ya watoto wasioona, ila ukivuka kwenda Kigoma pale Kabanga, Kasulu, kuna watoto wengi wenye ualbino, na wakikua ndo hawahawa watakaofungua hizi kurasa kwa macho yao. Kati ya asiyeona kabisa na anayeona vizuri kuna watu chungu nzima, ukigawa matoleo mawili wote hao unawaacha njiani.

Kwa hiyo mi nasimama na ukurasa mmoja. Ila si ule alioufikiria developa mwanzo, yaani uleule wa zamani aupachike maelezo nyuma ya picha, yale ambayo NVDA inayasoma ikifika kwenye picha, akidhani kamaliza. Sentensi zenyewe inabidi ziandikwe upya. WCAG tangu toleo la 2.0 la 2008 ina vigezo, tena vya ngazi ya msingi kabisa, kwamba maelekezo yasitegemee umbo, rangi au mahali kitu kilipo peke yake. "Bonyeza kitufe cha kijani kulia" kwa mwalimu ni sentensi tupu. "Bonyeza kitufe cha Hifadhi, kipo kulia, kwa kibodi ni Ctrl+S" inamfaa mwalimu, inamfaa yule binti, na inamfaa karani anayeelekezwa kwa simu kutoka Urambo bila picha yoyote. Hatua ziwe orodha halisi na vichwa vya habari viwe vichwa halisi, si maandishi yaliyokolezwa tu, maana mtu wa NVDA anabonyeza herufi H anaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kumbe kuruka kunawezekana kama aliyeandika ameweka pa kurukia. Hapo malalamiko ya mwalimu ya kusikiliza kila kitu yanapungua sana, hayaishi lakini yanapungua. Na kuhusu bando, ukurasa wa maneno ni mwepesi, weka linki ya kuuhifadhi, basi.

Lugha nayo imesahaulika. Ukurasa wa Kiswahili ukiwa haujatambulishwa ndani ya kodi kwamba ni wa Kiswahili, sauti ya Kiingereza ndo inausoma, ni mateso, "bonyeza" inatoka kama neno la nchi nyingine. Ni neno moja tu mwanzo wa ukurasa, developa aliliweka nikiwa nimesimama hapohapo.

Wako wanaosema mbona kuna video na voisi nouti za WhatsApp, si sauti hizo? Video nyingi ni "bonyeza hapa, afu hapa, kama mnavyoona". Voisi nouti ni afadhali, mwalimu mwenyewe anatumiwa na wenzake na zinamsaidia kweli kwa sababu ni mtu anaongea na mtu kwa Kiswahili chetu, ila akitaka kurudia hatua ya nne tu ni kuitafuta gizani kwenye dakika sita za maongezi, na huwezi kutafuta neno ndani yake.

Gharama sitaki kuipuuza, developa yuko peke yake na hana mfadhili. Lakini NVDA ni bure, walioianzisha mwaka 2006 ni Waaustralia wasioona wenyewe kwa sababu zile za kulipia zilikuwa bei mbaya, na kuandika hatua saba kwa maneno ni kazi ndogo kuliko kupiga picha saba, kuzikata na kuzichorea mishale myekundu. Cha kulipia ni kimoja tu, mwalimu kuujaribu ukurasa. Hiyo ni kazi na alipwe, asiitwe kila toleo jipya kuja kusaidia kama ndugu.

Jumamosi walikaa pamoja wakaandika hatua za kutoa ripoti, zote saba. Sita zimekwisha. Ya saba ni ile ya kupanga masomo kwa kukokota, mwalimu akauliza "kwa kibodi napangaje?", developa akatafuta weee, kumbe kwenye programu yenyewe njia hiyo haipo. Maelekezo hayawezi kuandika kitu ambacho hakijatengenezwa. Ameahidi vitufe vya Panda na Shuka kwenye toleo lijalo, na kwa sasa mwalimu amemwambia aandike wazi pale kwenye hatua ya saba kwamba hii bado haifanyiki kwa kibodi, ili mtu asipoteze asubuhi nzima akidhani yeye ndo hajui.